Mlango wa masomo umefunguka, nani anaongoza ndani?

Wakaaji wa Lubumbashi, ndugu wazazi, walimu, vijana wenzetu,

Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali. Haikuwa zawadi ya mtu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imeisha kusema hivyo, na tulingojea miaka 13 ili iheshimiwe. Tulishangilia siku ile, na hata leo tunatetea uamuzi huo. Kule Katuba, Kenya na Ruashi, watoto waliokuwa wanauzisha maji barabarani waliingia darasani.

Lakini kuingia darasani si kusoma. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika nchi yetu watoto 97 juu ya 100 wanafikisha miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa maandiko mepesi. Sisi tunaliona nyumbani mwetu. Unamufungulia mdogo wako wa darasa la ine kitabu, anasoma ukurasa wote bila kosa. Ukifunika picha na kumuonyesha neno moja tu, ananyamaza. Alikuwa anaimba, hakuwa anasoma.

Tukisema hivi, tunajibiwa: « Balimu habalipwe muzuri. » Ni kweli, na tutaendelea kusimama pamoja nao. Kuna walimu wanaofundisha miaka na miaka bila jina lao kuingia kwenye liste ya malipo. Hiyo ni haya kwa nchi yenye shaba na kobalti.

Ila tuseme ukweli wote. Tunajua shule mbili za mtaa mmoja: mishahara ni ile ile, watoto wamejaa vilevile, viti vimevunjika vilevile. Katika moja watoto wanasoma, katika ingine hawasome. Tofauti ni direktere.

Wa kwanza anaingia kila siku katika madarasa mawili, anakaa nyuma, anasikiliza mtoto akisoma, kisha anazungumuza na mwalimu polepole, bila kumupatisha haya mbele ya watoto. Mwalimu wake hodari amemuweka darasa la kwanza, pale kusoma kunaanzia. Wa pili tunamukuta mara nyingi njiani: leo kwenye benki, kesho kwa wakubwa wake, na ripoti mkononi. Hodari wake wote wako darasa la sita, juu ya ENAFEP, kwa sababu matokeo ya pale ndiyo anayoulizwa. Mtoto aliyepotea darasa la pili hakuna anayemuuliza.

Hatumuhukumu huyo wa pili. Ni mpango wenyewe unamufanya vile. Uongozi wa shule unapatikana mara nyingi kwa kupendekezwa, si kwa uwezo. Pesa za kuendesha shule zinachelewa, basi direktere anarudia kuomba wazazi « kidogo ya chaki », na michango tuliyofukuza mlangoni inaingia kwa dirisha. Tena shule nyingi za serikali zinaongozwa na makanisa tangu mapatano ya 1977: serikali inalipa, kanisa linasimamia. Shule ikianguka, kila mmoja anaonyesha mwenzake kidole.

Wazee wetu wanakumbuka shule za Gécamines. Zilikuwa za watoto wa wafanyakazi tu, na hatutaki kurudisha ubaguzi huo. Lakini kila mtu alijua nani atajibu kama shule inaharibika. Leo, nani anajibu?

Ndiyo maana tunaomba mambo ine:

1. Madirektere wachaguliwe kwa mashindano ya wazi, wafundishwe kazi ya kuongoza, na wasihamishwe ovyo mbele ya kumaliza miaka mitatu.

2. Pesa za kuendesha shule zifike kwa wakati, na matumizi yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, kila mzazi asome.

3. Walimu hodari waanzie chini, na kusoma kufundishwe kwanza kwa lugha mtoto anayoongea. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa, na Kiswahili ni moja yao.

4. Sheria ya migodi ya 2018 inatoa asilimia 15 ya ushuru wa madini kwa miji, komini na maeneo mengine ya chini. Wakubwa wa mji na wa komini waonyeshe ni kiasi gani kimeingia, na kiasi gani kimefika shuleni.

Na sisi wenyewe? Tulizoea kupiga kelele mbele ya maofisi, kisha kurudi nyumbani. Komite ya wazazi inaitisha mkutano, watu wanane wanafika, na baadaye tunalalamika kama tumeibiwa. Mwaka huu wa masomo tutaenda kwenye mikutano ile, hata wale kati yetu wasio na mtoto bado. Hatutaenda kutukana mtu. Tutaenda na swali moja: « Bwana direktere, batoto bangapi ba darasa la tatu banajua kusoma? »

Direktere anayejua jibu, tutamutetea hata mbele ya wakubwa. Asiyejua, tutarudi kumuuliza mwezi unaofuata, tena na tena, mpaka ahesabu.

Mlango tuliufungua pamoja. Tusiache watoto wakae ndani bure.