Kompyuta Ile Ile, Nyumba Mpya

Leo naomba tuweke kando mapishi na malezi, niwasimulie jambo lililonipata pale mezani ninapofanyia hesabu za kikundi chetu. Kama huna kompyuta, usifunge ukurasa. Pengine mwanao anayo, au katibu wa kikundi chenu anayo, na fedha zenu zimeandikwa humo.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Tuko ishirini na sita. Fedha zinakaa katika sanduku la kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa akina mama watatu tofauti. Hesabu zinakaa kwangu, katika kompyuta mpakato niliyoinunua mwaka 2017 ikiwa tayari imeshatumiwa na mwingine. Imenivumilia sana. Nilizoea kuiwasha asubuhi, kisha naenda kubandika chai, kwani chai na kompyuta vilikuwa tayari kwa wakati mmoja.

Mwaka 2025 likaanza kunijia tangazo kwenye kioo. Lilisema kwamba Windows 10, ile iliyotoka Julai 2015, itaacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Niliogopa nikadhani siku hiyo kompyuta itazimika. Haikuwa hivyo. Kompyuta inaendelea kuwaka kama kawaida, ila ni kama nyumba ambayo fundi wa makomeo ameacha kuja. Leo mlango unafungika. Siku mwizi akigundua tundu jipya, hakuna wa kuliziba. Kwa walio na haja ya muda zaidi, Microsoft ilitangaza njia ya kuongeza mwaka mmoja wa ulinzi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Lakini mwaka mmoja ni mfupi, nami nilitaka kujua mwisho wake utakuwaje.

Ufunguo wa nani?

Nikaenda kwa fundi. Akaigeuza kompyuta yangu huku na huku, akatikisa kichwa. "Mama, hii Windows 11 haiiwezi." Akanieleza kwamba mfumo huo mpya, uliotoka Oktoba 2021, unadai RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na kipande cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Tena unataka kompyuta yenye ubongo wa miaka ya karibuni. Yangu ilitengenezwa kabla ya hapo. Nikauliza bei ya nyingine. Aliponitajia, nikaona ada ya kitindamimba wangu ikiondoka mbele ya macho yangu.

Fundi akaniinamia, akapunguza sauti. "Lakini naweza kuilazimisha mama. Na ufunguo wake nakupa kwa elfu ishirini tu."

Nikamwuliza, "Ufunguo wa nani?"

Akacheka. "Mama nawe! Kwani hii uliyo nayo iliwekwa kwa ufunguo wa nani?"

Wapendwa, hapo nilinyamaza. Kwa miaka minane, kwenye kona ya kulia ya kioo changu, chini kabisa, yalikuwapo maandishi ya kijivu yakiniambia kwamba Windows ile haijathibitishwa. Niliyaona siku ya kwanza. Siku ya pili nikayaona kidogo. Baada ya mwezi nikawa siyaoni tena. Mimi, ambaye nikiona stakabadhi ya mia tano imekosekana simwachi mwenzangu alale, nilikuwa natunzia daftari la uaminifu ndani ya kitu ambacho hakijalipiwa. Sikumlaumu yule kijana. Nilichukua kompyuta yangu nikarudi nyumbani nikiwa nimeinamisha uso.

Kuonja kabla ya kuhama

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo. Alipokuja kunisalimu nikamweleza. Akasema, "Shangazi, hiyo kompyuta haina ugonjwa. Tuihamishie Linux."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nina miaka hamsini na mbili. Usinipeleke shule tena."

Akanieleza taratibu, nami nawaelezeni kama nilivyoelewa. Ndani ya kila kompyuta kuna programu kubwa inayoamka kabla ya nyingine zote na kuzigawia kazi. Huo ndio mfumo endeshi. Windows ni mmojawapo, si pekee. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, akiwa na miaka 21. Watu wengi duniani wakaja kusaidia, na sheria yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani bila kumwibia mtu. Kutokana na mzizi huo yametoka matawi mengi. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha tawi liitwalo Ubuntu, neno ambalo sisi Wabantu hatuhitaji kutafsiriwa. Mwaka 2006 likaanza lingine liitwalo Linux Mint, ambalo limejengwa juu ya Ubuntu.

Kilichonifurahisha ni kwamba matoleo ya Linux Mint hupewa majina ya kike. Lilikuwapo la Rebecca mwaka 2014, na la Sarah mwaka 2016. Nililowekewa mimi ni Zara, lililotoka Septemba 2025. Lilitaka RAM ya GB 2 tu, au GB 4 ukitaka kufanya kazi kwa raha. Zangu ni GB 4 kamili.

Kijana hakuanza kwa kufuta. Aliiweka Zara kwenye flashi, akachomeka, akawasha kompyuta kwa kupitia flashi hiyo. Mfumo mzima ukafunguka mbele yangu na Windows ikiwa bado imelala ndani bila kuguswa. Ni kama kuonja mchuzi kwa kijiko kabla hujapakua. Nilionja kwa siku mbili. Nikajaribu printa, ikatoa karatasi. Nikajaribu intaneti, ikashika. Ndipo tukanakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja kwa katibu, kisha nikamwambia, "Haya, baba. Hama."

Siku za mwanzo

Siku ya kwanza nilijiona kama mgeni katika jiko la mtu. Chumvi unaijua, sukari unaijua, ila hujui iko kabati gani. Nilitafuta ile herufi C ambayo miaka yote ndiyo ilikuwa stoo yangu, nikaikosa. Huku hakuna C wala D. Kuna nyumba yako moja, na ndani yake folda za barua, picha na vinginevyo. Flashi ukiichomeka inakuja kwa jina lake.

Kitufe cha kufungulia programu nilikikuta palepale nilipokizoea, chini kushoto. Hilo lilinipa moyo. Ukitaka kuweka programu mpya, kompyuta inadai kwanza neno la siri, kama mlinzi asiyemfungulia hata mwenye nyumba mpaka aseme jina. Mara ya kwanza nilikasirika. Baadaye nikamheshimu.

Jedwali langu la hisa nililifungua katika programu iitwayo LibreOffice, ambayo ilikuja pamoja na mfumo bila malipo. Nilifumba macho kidogo. Nilipoyafumbua, majina ishirini na sita yalikuwa pale na jumla ilikuwa ileile. Barua ndizo zilizonisumbua. Zile herufi nilizozoea hazikuwamo, kompyuta ikaweka zinazokaribiana nazo, na barua ya ukurasa mmoja ikadondosha mistari miwili ukurasa wa pili. Nikaipanga upya. Nikajifunza pia kwamba ninapompelekea barua mtu wa Windows, niihifadhi kwanza kwa namna ambayo programu yake imeizoea.

Na niwaambie jambo la kujivunia. Programu hiyo ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwa nyingine iliyoitwa OpenOffice.org. Na hiyo ya zamani ilikuwa imeshazungumza Kiswahili tangu mwaka 2004, kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaitwa Jambo OpenOffice. Mimi wakati huo nilidhani kompyuta haiwezi kujua Kiswahili.

Lililonishangaza kuliko yote ni chai. Asubuhi ya tatu niliwasha kompyuta, nikaenda jikoni kama kawaida. Maji hayajachemka, nachungulia, na yenyewe imeshakaa inanisubiri. Na ile kona ya kulia haikuwa na maandishi ya kijivu.

Laki tatu na nusu

Msidhani yote yalikuwa sukari. Jumamosi ya mkutano nilifungua hesabu mbele ya wenzangu. Sanduku likafunguliwa, fedha zikahesabiwa mara mbili. Daftari langu lilisema ziwepo shilingi laki tatu na nusu zaidi ya zilizokuwamo.

Chumba kilinyamaza. Mama mmoja akajifanya anamfunga vizuri mtoto mgongoni. Mwingine akasema kwa upole unaouma, "Labda ni hiyo mashine yako mpya, dada." Miaka sita nimekuwa mweka hazina, na sikuwahi kusimama mbele ya watu mikono ikinitetemeka namna ile.

Nilijua kwamba katikati ya wiki tulitoa mikopo miwili ya dharura, jumla yake laki tatu na nusu. Stakabadhi zilikuwapo, zimetiwa sahihi na wenye funguo wote watatu. Nilikumbuka kabisa kuiandika usiku uleule. Sasa ilikuwa wapi? Nikafungua folda, nikatazama polepole. Kulikuwa na faili mbili. Moja iliitwa "Hisa Novemba", kwa herufi kubwa. Nyingine iliitwa "hisa novemba", kwa herufi ndogo.

Makosa yalikuwa yangu. Katika Windows niliyoizoea, majina hayo mawili ni kitu kimoja, na kompyuta ingeniuliza kama nataka kuweka faili jipya juu ya lile la zamani. Katika Linux, herufi kubwa na ndogo zinatofautisha jina. Usiku ule niliandika jina kwa herufi ndogo kwa uchovu, ikanitengenezea faili la pili kimya kimya. Nililifungua mbele yao. Mikopo miwili ikaonekana, sanduku na daftari vikapatana.

Tulicheka, lakini mimi nilicheka mwishoni. Mama yule wa upole akasema bado haipendi hiyo Linux. Nikamwuliza, "Simu yako ni Android?" Akasema ndiyo. Nikamwambia, "Basi unayo mkononi siku zote. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux." Akaitazama simu yake kama mtu aliyegundua kwamba mpangaji wake ni ndugu.

Ukitaka kuhama nawe

Kwanza, nakili kila kitu chako mahali pawili. Anayebadili mfumo kwa kawaida hufuta ule wa zamani, na kilichofutwa bila nakala ni shida kukirudisha.

Pili, onja kwa flashi siku kadhaa. Jaribu printa, intaneti, sauti na kazi yako ya kila siku.

Tatu, andika orodha ya programu unazozihitaji. Kama ofisi yako au chuo cha mwanao kinadai programu inayokubali Windows peke yake, usihame kwa kufuata mkumbo. Baki, ila lipia halali.

Nne, neno la siri liandike katika daftari la nyumbani linalokaa mahali pa siri, wala usilibandike ubavuni mwa kompyuta.

Tano, majina ya faili yapange kwa namna moja na usiibadilishe. Mimi sasa naandika yote kwa herufi ndogo, na tarehe mwishoni.

Sita, usihame wiki ya mkutano. Jipe angalau majuma mawili ya kupotea na kutafuta. Hilo ndilo nililolikosea mimi.

Kijana wangu alipokuja tena aliniuliza, "Shangazi, umeizoea?" Nikamjibu kwamba bado nampigia magoti kila nikikwama, na hilo nalo limenifunza kitu. Miaka minane nilidhani naijua kompyuta, kumbe nilijua tu vitu vimewekwa wapi. Sasa naanza kuuliza kwa nini viko pale. Mtu mzima akikubali kuuliza, mtoto naye anapata heshima ya kujibu.

Nilirudi pia kwa yule fundi, nikampelekea chai na maandazi. Nikamwambia kompyuta imepona bila ufunguo wake. Akacheka, kisha akauliza kama naweza kumwazima ile flashi. Nimempa. Kwa Linux, kuazimana si kosa.

Je, wewe uliyewahi kuhama ulikwama wapi? Niandikie, barua chache tutazisoma pamoja hapa. Tuonane mwezi ujao panapo majaliwa.