Daftari la Wiki: Probox Moja na Nusu

Stejini Uriri. Wiki hii picha ya Mercedes-Benz 600 inayouzwa ng'ambo imezunguka kwenye simu za madereva wanaongoja abiria wa Awendo na Migori. Nyeusi, ndefu, aina ya Pullman. Dereva mmoja akamgeukia mzee aliyekuwa akisoma gazeti: "Jaduong', hii ungenunua?" Mzee akauliza inabeba watu wangapi. Akaambiwa saba, labda wanane. "Hao Probox yako inawafikisha Rongo kila asubuhi," akasema, akafungua ukurasa wa michezo. Nimepiga hesabu: Pullman ina urefu wa mita 6.24, sawa na Probox moja na nusu. Kwa abiria, mambo ni sare.

Tumbo la gari. Gari hili lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 na likaundwa hadi 1981. Yote kwa jumla ni 2,677, na Pullman ni chache mno. Injini yake ni V8 ya lita 6.3, lakini si injini inayomtoa mnunuzi jasho. Vioo, viti na buti huendeshwa kwa mafuta ya haidroliki yanayosukumwa kwa presha ya takriban baa 150. Kioo hupanda bila mlio wowote, na kidole kilichosahauliwa pale hakiulizwi. Mafundi wetu wa jua kali huziba tangi la petroli linalovuja kwa kipande cha sabuni, ukafika mjini salama. Baa 150 haizibiki kwa sabuni. Ndiyo maana 600 ya bei nafuu huweza kummaliza mnunuzi kuliko ile ya bei kali: aliyeiuza kwa bei hiyo alikwisha kuiona hesabu ya fundi.

Waliokaa ndani. Wauzaji hupenda kutaja majina: Tito, Mobutu, Idi Amin, Jomo Kenyatta na, kwa wapenda muziki, Elvis Presley na John Lennon. Jina la aliyekalia kiti cha nyuma hupandisha bei kuliko rangi mpya. Huku kwetu waliokalia viti hivyo tuliwaita Wabenzi, na hapakuhitajika mnada kujua bei yao. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia naye alizoea magari makubwa ya kifahari, lakini tarehe 12 Septemba 1974 wanajeshi walimtoa ikulu kwa Volkswagen ndogo. Ujerumani ina gari la kila hatua ya mamlaka.

Barabara ya miwa. Huku, gari linalopishwa na wote ni trekta ya miwa iendayo kiwanda cha sukari cha Sony, Awendo. Haina king'ora wala bendera, na trela yake imejaa hadi inapepesuka. Nyuma yake hupangana foleni ya matatu, lori la Isebania na mheshimiwa mwenye haraka. Watoto peke yao ndio hufurahi, maana miwa inayodondoka ni yao.

Waliosimama nje. Nyanza Kusini ina kumbukumbu yake ya magari ya wakubwa. Tom Mboya, waziri aliyezikwa kisiwani Rusinga, alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Siku tatu baadaye, kwenye misa yake katika kanisa la Holy Family, umati wenye hasira ulilipiga mawe gari la Rais Kenyatta. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo msafara wa Kenyatta ulitoka Kisumu huku walinzi wakifyatulia watu risasi, na watu wakafa. Matangazo ya mnada hueleza ngozi ya viti, mbao za dashibodi na kilomita zilizotembewa. Sijaona hata moja linaloeleza ni akina nani walikuwa kando ya barabara, na walirushiwa au walirusha nini. Bila hao, historia ya gari la rais ni nusu.

Forodhani. Anayetaka kuileta 600 asikimbilie bandari ya Mombasa. Gari lililotumika likipita miaka 8 halikubaliwi na kanuni ya Shirika la Viwango la Kenya, na lililo changa kabisa kati ya haya ni la 1981. Basi wapenzi wa magari ya zamani hutegemea yaliyofika enzi zile, yale yanayosuguliwa hadi chini ya injini kwa ajili ya Concours d'Elegance, mashindano yanayofanyika Nairobi tangu 1970.

Pendekezo. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam huonyesha magari yaliyotumiwa na viongozi. Nasi tufanye hivyo, na pembeni tuweke shuhuda mbili: wa dereva aliyeliendesha na wa mtu aliyesimama kando likipita. Gari la serikali lisiishie karakana ya tajiri anayenunua jina la Rais, kwani lilikwisha kulipiwa na umma. Wakulima wa pamba wa Homa Bay nao walilipa kodi wakati ule; wana hisa ndani yake, hata kama ni tairi la akiba.