Pikipiki ya Umeme Porini: Yafaa au Haifai?

Neno linalobishaniwa sana siku hizi na vijana wapendao pikipiki ni hili: Je, pikipiki ya umeme yaweza kwenda porini na milimani kama ile ya petroli? Wako wasemao kuwa ni mchezo wa watoto, na wako wasemao kuwa petroli imekwisha kazi yake. Tena nasikia baadhi ya wenzetu waliomaliza shule wanafikiri kukopa fedha wazinunue. Kwa hiyo si maneno ya barazani tu. Deni ni deni. Mimi nasema kuwa yafaa, lakini kwa mtu aijuaye hesabu ya kurudi nyumbani. Kwenda hakumshindi mtu. Kurudi ndiyo kazi.

Kwanza tuyatazame mema yake. Sisi wa Kabale twakaa kadiri ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya petroli haiwaki pasipo hewa. Kwa kila mita 1,000 tupandazo, injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Basi pikipiki yenye nguvu za farasi 20 huko Mombasa, ikifika kwetu imebaki na 16 tu. Mota ya umeme haihitaji hewa ya kuwakia. Nguvu iliyo nayo pwani ndiyo iliyo nayo mlimani. Kadhalika pikipiki nyingi za namna hii hazina klachi wala gia za kubadilisha, wala hazizimiki ghafula katikati ya mlima mkali, jambo ambalo limewaangusha wengi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo mabishano mengi yanapokwisha. Lita moja ya petroli ina nguvu kadiri ya uniti 9 za umeme, uniti zile zile tuzinunuazo kwa mita ya nyumbani. Lakini injini hupoteza nyingi kwa joto, na gurudumu hupata kama robo tu, yaani uniti 2 na kitu. Mota ya umeme hupoteza kidogo. Katika uniti 10 yaweza kutumia kama 9. Hapo umeme umeshinda.

Lakini tutazame tangi. Pikipiki iitwayo Stark Varg, ya Barcelona huko Uhispania, ilipotangazwa mwaka 2021 ilikuwa na betri ya uniti 6. Piga hesabu hiyo na utaona kuwa betri nzima ni sawa na kuingia porini na petroli isiyozidi lita mbili na nusu. Ile ndogo ya Uchina, Sur-Ron Light Bee, ina betri ya kama uniti 2, ambayo haifiki hata lita moja. Nayo pikipiki ya porini ya petroli huchukua lita 8 au zaidi. Si kwamba umeme ni dhaifu. Kibuyu chake ndicho kidogo.

Kisha yategemea mkono wa mpandaji. Watengenezaji wa Varg wenyewe walisema betri ile yatosha kwa mbio moja ya mashindano, ambayo ni nusu saa na kidogo, au kwa saa 6 za kwenda polepole njiani. Betri ni moja, lakini wapandaji ni wawili. Basi kijana akikuambia, "Mimi betri yangu hukaa siku nzima," muulize kwanza aliendaje, na kama njia ilikuwa kavu au tope la masika.

Wengine hutaja Kigali. Ni kweli kuwa tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli haziandikishwi tena huko kwa kazi ya kuchukua abiria mjini. Lakini mwendeshaji wa Kigali, betri ikimwishia, huingia kituoni, akaacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Msituni kituo hicho kiko wapi? Petroli huuzwa kwa chupa hata kwenye kijiji cha mwisho; umeme hautiwi katika chupa. Na asikudanganye mtu kuwa paneli moja ya jua yatosha. Paneli ya wati 100, ikipata jua zuri la saa 5, hutoa nusu uniti kwa siku. Kuijaza betri ya uniti 6 ni siku 12, mbali na kile kipoteacho njiani.

Yuko mtu ambaye pikipiki hii yamfaa kweli, naye ni askari wa wanyama. Mwaka 2021 kampuni ya CAKE ya Stockholm, pamoja na Chuo cha Wanyamapori cha Kusini mwa Afrika kilicho karibu na Kruger, walianza kuzitumia kuwawinda majangili. Sababu yaeleweka: jangili huisikia injini ya petroli kutoka mbali akatoroka. Tena askari hutoka kituoni na kurudi kituoni, wala hahitaji petroli iletwe kwa lori. Hata hivyo kampuni ile ilifilisika mwaka 2024. Hili nalo ni somo kwa anayetaka kukopa. Pikipiki ya petroli yaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa chini ya mwembe. Betri ya kampuni iliyokufa utaipeleka kwa nani?

Sasa nataja jambo ambalo sijasikia likitajwa katika mabishano haya. Ulaya na Marekani njia nyingi za pikipiki za porini zimetengwa kwa mchezo huo. Kwetu njia ya mlimani ni barabara ya watu. Hupitwa na mama mwenye kuni kichwani, na watoto waendao kuteka maji, na mbuzi. Watu hawa wamezoea kusikia mlio, wakasogea kando. Pikipiki isiyo na kelele ni heri kwa mgonjwa aliyelala na kwa ng'ombe malishoni, bali kwenye kona ni hatari. Kimya kile kimwogopeshacho jangili chaweza kumwumiza mtoto wa jirani. Kwa hiyo mwenye pikipiki ya umeme hana budi kupiga honi kila kona na kupunguza mwendo, hata kama anajiona fundi.

Basi ushauri wangu ni huu. Kama safari yako yaanzia nyumbani penye umeme na kuishia hapo hapo, nunua ukiweza, utafurahi. Gawanya betri mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la mvua na kupotea njia. Aendaye Bunyonyi akumbuke kuwa njiani kuna kupanda na kushuka, na kupanda hula betri. Lakini kama kazi yako ni kuongoza wageni kwa siku tatu kijiji hadi kijiji, baki na petroli kwa sasa. Usikope fedha kwa sifa za picha, maana kuisukuma pikipiki ya kilo mia na zaidi mlimani usiku, katika mvua, hakuna picha iliyokuonyesha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mwanafunzi wa zamani,
Kabale.