Cheti Bila Kitambulisho, Darasa Bila Mwalimu



Kila mwanasiasa akipanda jukwaani siku hizi ana wimbo mmoja: rasilimali ya kwanza ya Kenya si chai wala dhahabu, ni watu wake. Tunapiga makofi. Kisha tunarudi maskani, vyeti vyetu viko ndani ya bahasha ya kaki, na hakuna anayetwambia hiyo rasilimali inachimbwa vipi.

Rasilimali watu si wingi wa watu. Ni afya aliyokua nayo mtoto, elimu iliyomwingia kikweli, na ujuzi alio nao mkononi siku ya kutafuta kazi. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilipiga hesabu hiyo. Ikasema mtoto anayezaliwa Kenya, akikua, atafikia asilimia 55 tu ya uwezo ambao angeufikia lau angepata elimu kamili na afya kamili. Anatarajiwa kukaa shuleni miaka 11 na kitu, lakini ukipima anachokijua, ni kama amesoma miaka 8 na nusu hivi. Na hiyo ni hesabu ya nchi nzima, Karen na Kisauni, Nyeri na Mandera, wote wametiwa chungu kimoja. Sasa jiulize mtoto wa Mandera akipimwa peke yake atasimama wapi.

Msimamo wetu ni huu: kijana wetu hakosi akili. Ngazi aliyopewa apande ndiyo imevunjika vidato. Na vidato hivyo havikuvunjika vyenyewe.

Kidato cha kwanza ni mwalimu. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka Nambari 10, uliosema pesa za maendeleo ziwekwe pale penye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, ndio zilete faida haraka. Kaskazini hapakuwa na mvua wala lami, kwa hivyo pakaachwa. Shule zilikuwa chache, waliofika kidato cha nne wachache, na waliokwenda kusomea ualimu wachache zaidi. Manake mwalimu haanguki na mvua, hutoka darasani. Darasa likikosa mwalimu leo, miaka ishirini ijayo hapatatoka mwalimu wa darasa hilo.

Ndio maana kaskazini mashariki ilitegemea walimu kutoka nje. Novemba 2014 magaidi walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuua watu 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Februari 2018 walimu waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 wakauawa wengine Kamuthe, Garissa. Baada ya misiba hiyo walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa. Hatuwalaumu hata kidogo. Mwalimu ni mtoto wa watu, ana haki ya kurudi kwao akiwa hai, na damu yake ni nzito kama ya yeyote. Lakini tuseme ukweli wote: walimu walipoondoka, mtihani haukuondoka. Mtoto aliyejifundisha mwenyewe fizikia alipewa karatasi ileile ya mwenzake mwenye walimu kumi na maabara. Halafu gredi ikitoka tunaambiwa watu wa huko hawapendi kusoma.

Kidato cha pili ni kitambulisho. Kijana amepita mtihani, sasa anataka kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu, kuomba mkopo wa HELB, kuandikwa kazi. Kila dirisha anaulizwa kipande. Kwa miaka mingi kijana wa Kisomali wa mpakani na kijana wa Kinubi wa Kibera walikuwa wakiitwa mbele ya kamati kupigwa msasa, waonyeshe hati za baba na babu, wakati mwenzao wa kaunti nyingine anakwenda kwa chifu na kumaliza. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya elimu na ya afya. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia saini tamko la kuondoa msasa huo kwa kaunti za mpakani. Tunalipokea. Lakini tamko la Wajir lazima lionekane kwenye meza ya karani, na aliyekaa nje miaka mitano akingoja kipande harudishiwi miaka yake.

Kidato cha tatu ni ujuzi wa mkono. Hapa Pwani tuna somo letu wenyewe. Pale Tudor, Mombasa, wazee wetu waliona mapema kwamba Mwislamu wa Afrika Mashariki anahitaji ufundi pamoja na dini yake. Kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa za Mabohora na serikali ya wakati huo, kikajengwa chuo kilichojulikana kama MIOME, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Baadaye kikawa politekniki, na tangu 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee hawakungoja ajira ndio waanze kufundisha. Sisi tunafanya kinyume: gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, ndipo wengi tukaanza kuulizana nani amesomea kreni. Kulalamika kuwa kazi zimechukuliwa na wageni ni haki yetu pale tulipobaguliwa. Lakini kreni haiendeshwi na malalamiko.

Basi tufanye nini?

Moja, ukishatimiza miaka 18 nenda kachukue kitambulisho, usingoje uchaguzi. Ukirudishwa, andika tarehe, ofisi na sababu uliyopewa, kisha lete malalamiko yako. Haki bila ushahidi ni kelele.

Pili, fuata pesa. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na lazima wananchi washirikishwe. Vikao hivyo mara nyingi hujaa wazee watatu na karani. Jazeni nyinyi. Basari ya shilingi elfu chache inamsaidia mtu mmoja kwa muhula mmoja, na ni nzuri. Lakini ulizeni pia: chuo cha wadi yetu kina wakufunzi wangapi, mashine ngapi zinafanya kazi, na mwaka huu mmetenga shilingi ngapi?

Tatu, jua Hazina ya Usawazishaji. Kifungu cha 204 kinatenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Hazina hiyo ilipewa miaka 20 tangu 2010, yaani muda wake unakwisha 2030 Bunge lisipoiongeza. Si mbali. Muulize mbunge wako mgao wa kwenu umejenga nini.

Na nne, tujiangalie nasi. Kuna nyumba mtoto wa kiume analipiwa karo na dada yake anaambiwa angoje mume. Kuna maskani ambapo asubuhi inaisha kwa mugoka, na anayejifunza kuchomelea vyuma anachekwa kwa mikono michafu. Hilo hatukuletewa na serikali. Nusu ya rasilimali yetu tunaizika wenyewe, kisha tunakwenda kudai iliyobaki.

Elimu si sadaka ya mheshimiwa wala zawadi ya msimu wa kura. Vifungu vya 43 na 53 vimeiita haki, na cha 56 kimeitaka serikali iweke mipango maalumu kwa walioachwa nyuma. Hatuombi kubebwa mgongoni. Tunataka vidato virudishwe kwenye ngazi, kupanda tutapanda wenyewe.