Bob 4 za Chama Zimeenda Wapi?

Disemba ikifika, vyama vingi hugawana akiba. Tuseme mko 7 na kwenye akaunti kuna KSh 10,000. Mwekahazina anatoa simu, anabonyeza, kila mtu anapata KSh 1,428. Mambo safi. Lakini hebu zidisha 1,428 mara 7. Unapata 9,996. Bob 4 zimeenda wapi?

Hakuna aliyeiba. Programu ndiyo iliyoziacha njiani. Na msimamo wetu ni huu: programu inayogawa pesa za watu bila kusema kilichobaki haijamaliza kazi, hata kama hesabu yake ni "sahihi".

Kugawanya kuna sheria zaidi ya moja

Shule ya msingi tulifundishwa kutaja jibu na baki: 1,428, baki 4. Kompyuta haitaji baki mpaka iulizwe. Katika lugha za programu kama Java na C, ukigawanya nambari nzima kwa nambari nzima, jibu ni nambari nzima na kilichozidi kinatupwa kimyakimya. Python ya zamani pia ilikuwa hivyo. Python 3, iliyotoka 2008, ikabadilisha: mkwaju mmoja (/) unakupa jibu lenye desimali, 1,428.57 na kuendelea, na mikwaju miwili (//) inakupa nambari nzima. Sisi tunaupenda uamuzi huo. Anayetaka kuacha senti lazima aandike waziwazi kwamba anaziacha.

Sasa geuza hesabu. Chama kimepata hasara ya KSh 10,000, yaani -10,000. Java inakata desimali tu, kwa hivyo kila mtu anadaiwa 1,428 na pengo la bob 4 linabaki. Python kwa // hushuka hadi nambari nzima iliyo chini, yaani -1,429. Umeona hiyo? Alama ni ile ile, lakini faida inakuletea 1,428 na hasara inakutoa 1,429. Ukizidisha mara 7, chama kimekusanya 10,003, bob 3 zaidi ya deni.

Hakuna lugha iliyokosea hapo. Kila moja ina sheria yake na imeandikwa. Anayekosea ni yule anayeunda programu ya pesa bila kuamua mapema baki ni ya nani.

Kuna atakayesema, "Aki, ni shilingi moja tu!" Sawa, kwako ni moja. Kwa wateja laki moja ni KSh 100,000. Haba na haba hujaza kibaba. Swali ni kibaba cha nani.

Kipeo ndicho kinachouma zaidi

Umekopa KSh 1,000 kwa riba ya 8% kwa mwezi, na usipolipa riba inaongezwa juu ya deni. Wengi wetu hupiga hesabu ya haraka: 8 mara 12 ni 96, basi mwaka ukiisha nitadaiwa 1,960. La. Hapo hesabu ni 1.08 kwa kipeo cha 12, na deni linafika karibu KSh 2,518. Tofauti ni kama KSh 558, na hiyo si baki ya kusahau.

Hata alama ya kipeo yenyewe haielewani. Kwenye Excel, 2^3 ni 8. Kwenye Python na Java, 2^3 ni 1, kwa sababu humo alama hiyo hufanya kazi nyingine kabisa. Kipeo kwa Python huandikwa 2**3. Fundi akihamisha hesabu kutoka jedwali hadi programu bila kuangalia, jibu laweza kubadilika na wewe usione chochote kwenye skrini.

Tunachoomba, na unachoweza kufanya

Kwa wanaounda programu za pesa, nasi tukiwemo: onyesheni baki, na semeni mapema inaenda kwa nani. Isiwe siri ya fundi.

Kwako wewe mteja:

- Ukigawa pesa, zidisha jibu kwa idadi ya watu. Lisipofika jumla, uliza.
- Kwenye chama, andikeni katika kanuni baki inaenda wapi: mfuko wa chai, mzunguko ujao, popote mtakapokubaliana.
- Kabla ya kukopa, usiulize asilimia pekee. Uliza: "Nisipolipa mwezi huu, riba ijayo inahesabiwa juu ya nini?"

Kalkuleta haina upendeleo, lakini kuna mtu aliyeamua itakata wapi. Tukilipa ada, tuna haki ya kuujua uamuzi huo.

Na kwenu je, bob 4 huwa zinaenda kwa nani?