Abu Markub Si Ndege wa Bahati Mbaya

Nataka kusema maneno machache juu ya jamaa wa mwari. Waarabu wa Sudani humwita Abu Markub, yaani baba wa kiatu, kwa ajili ya domo lake. Zamani wataalamu walimhesabu pamoja na korongo. Siku hizi wasema kwamba yu karibu zaidi na mwari.

Duniani pote wakisiwa kuwa 5,000 hadi 8,000 tu, na wengi wako Sudani Kusini, ng'ambo ya mpaka wetu wa Oraba. Uganda wapo wachache, kama pale Naili inapoingia Ziwa Albert, na katika bwawa la Mabamba karibu na Entebbe.

Adui zake ni nani? Ng'ombe hukanyaga viota, moto huchoma mafunjo, na wafanya biashara huiba makinda wakayauze nchi za mbali. Lakini linalonikasirisha zaidi ni hili neno la bahati mbaya. Wavuvi wa Mabamba walisema kwamba ukimwona ndege huyu, siku hiyo hupati samaki, basi walimwua. Kumbe kosa lake ni kupenda kamongo kama wao!

Entebbe kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 1952, ambacho hutunza wanyama na ndege walioumia au walionyang'anywa wauzaji. Kazi hiyo ni njema. Wenzangu bwenini huuliza, kwa nini ndege apate daktari na watu vijijini hawana dawa? Swali hilo si la kuchekwa. Lakini mimi naona hospitali ya ndege huja mwisho. Abu Markub hutaga mayai mawili hivi, na kwa kawaida hukua kinda mmoja tu, ambaye wazazi humletea maji domoni na kummwagia asiungue na jua. Huyo akiibwa, kazi yao yote imepotea. Tena kinda aliyelelewa na watu huwazoea watu. Ukimrudisha bwawani, atamwendea hata mwenye rungu.

Afadhali tuanze na mvuvi. Huko Mabamba wavuvi wengine sasa huwapeleka wageni kwa mitumbwi kumtazama ndege yule yule, nao hulipwa. Sisi wenye wajomba wavuvi huko Pakwach na Panyimur tuwasimulie habari hii likizo ijayo. Nanyi wazee mlio katika ofisi za wilaya, tusaidieni nauli ya wavuvi wawili watatu waende Mabamba, wakayasikie haya kwa wavuvi wenzao, si kwa mtoto wa shule.