Takisi ya soko tunalipa, choo kiko wapi?



Mwanzo wa mwaka huu, baada ya mkutano wa kikundi, mama mmoja anayeuza sambaza alibaki kwenye kiti wakati wenzake wanaondoka. Tulifikiri ana deni la likelemba na anaona haya kusema. Sivyo. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba tangu miezi mitatu hanywi maji toka asubuhi mpaka anaporudi nyumbani, kwa sababu choo cha soko kimefungwa kwa kufuli. Sasa anakojoa kwa maumivu, na muuguzi amemwandikia dawa mara ya pili.

Kesho yake tulikwenda sokoni kuulizia. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Kila mama alikuwa na njia yake. Huyu hanywi maji. Yule anaomba choo kwenye nyumba ya jirani na kulipa. Mwingine anamwacha binti yake mezani, anakimbia nyumbani, na kwenye kilima chetu kwenda na kurudi si dakika 5. Sisi tunaofundisha tunawajua hao mabinti. Wanaingia darasani saa tatu, daftari mkononi, na ukiwauliza sababu wanainamisha kichwa. Kumbe sababu ni kufuli ya choo.

Na wote hao, bila kukosa hata siku moja, wanalipa takisi ya soko asubuhi.

Ndiyo maana juma hili tunataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona kama la wanaume wa ofisini: nani anatunza vitu vya watu wote katika mji? Soko, choo cha soko, mfereji, taa ya njiani, takataka, makaburi. Ukijua ni vya nani, unajua mlango wa kubisha.

Sisi wenyewe tulianza kwa kubisha mlango usio wake. Tulikwenda kwa shefu wa kartie. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Wamama, mimi sina kasha.» Tulikasirika, tukaona anatukimbia. Lakini alisema kweli. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10, 2008, inayopanga kazi za mji, komini, sekta na usultani, haiipi kartie bajeti yake. Kartie ni mkono wa komini karibu na watu. Shefu anaweza kupeleka neno letu juu, kutusaidia kupata mashahidi na kuitisha salongo. Hawezi kujenga choo kwa pesa ya kartie, na hawezi pia kujitungia takisi yake. Hilo la pili tulikumbuke, maana kuna siku mtu atakuja na daftari na kusema ni «takisi ya kartie».

Mlango wenyewe ni mji na komini. Hapa Bukavu mji una komini 3: Ibanda, Kadutu na Bagira. Sheria ile ya 2008 imeupa mji na komini kazi ya masoko, njia za ndani, mifereji ya maji ya mvua, taa za njiani, takataka na usafi. Kazi inagawanyika: yanayogusa mji mzima ni ya meya na baraza la mji, yanayogusa komini moja ni ya burgumesta na baraza la komini. Soko dogo kama letu ni la komini.

Kuna vitu vingine ambavyo si vyao, hata kama tunawapigia kelele. Maji ya bomba ni ya Regideso, umeme ni wa SNEL, na yote mawili ni makampuni ya Serikali. Burgumesta anaweza kuwaandikia, lakini hawezi kuwaamuru wafungue bomba. Mama akitaka kulalamika juu ya umeme, aende SNEL. Akitaka kulalamika juu ya mfereji uliojaa, aende komini. Tukichanganya milango, kila ofisi inatutuma kwa nyingine, na jioni inafika mguu unauma na hakuna jibu.

Basi tulikwenda komini. Tulikuwa watano. Jibu la kwanza lilikuwa hili: choo chenu kiko katika bajeti, lakini pesa hazijashuka kutoka juu.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ni vizuri tuuelewe. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema jimbo lina haki ya asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake. Na sheria ya 2008 inasema katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 iende kwa miji, komini, sekta na usultani. Kwa hesabu ya shule ya msingi: kati ya franka 100 za taifa zilizokusanywa katika jimbo, 40 ni za jimbo, na katika hizo 40, 16 ndizo za miji, komini na wenzao wote kwa pamoja. Kwenye karatasi ni vizuri. Katika matendo pesa hizo zinachelewa, zinakuja pungufu, au haziji. Burgumesta akilia juu ya hilo, hadanganyi.

Lakini takisi ya soko haitoki Kinshasa! Inatoka mkononi mwetu kila asubuhi, kabla hatujauza hata kisahani kimoja cha sambaza. Hiyo haina njia ya kuchelewa. Tulipiga hesabu pale pale, nyuma ya daftari la kikundi. Tuseme soko lina wamama 150, kila mmoja analipa franka 200 kwa siku, na mwezi una siku 26 za kuuza. 150 mara 200 ni franka 30 000 kwa siku. Mara 26, ni franka 780 000 kwa mwezi. Soko lako linaweza kuwa na watu wengi zaidi au wachache, na takisi inaweza kuwa nyingine. Fanya hesabu yako mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni sisi tunaokijaza.

Hatusemi kwamba pesa yote hiyo irudi kwenye soko letu tu. Komini ina kazi nyingine, ina wafanyakazi, ina mitaa isiyo na soko. Tulichouliza ni kitu kimoja: katika pesa ya soko hili, ni kiasi gani kinarudi kulisafisha? Karani alinyamaza kidogo. Kisha akasema, «Hakuna aliyewahi kuja kuuliza hivyo.»

Hapo ndipo tulipojifunza na sisi kosa letu. Tulipowauliza wamama tiketi zao za takisi, wengi hawakuwa nazo. Wengine hawazichukui: wanampa mpokea takisi pesa, naye anapita haraka, kila mtu anaona amepunguza kelele. Wengine wamewahi kumpa nusu ya pesa bila tiketi, na wakafurahi. Wamama, hiyo furaha ni ya siku moja. Pesa isiyo na tiketi haifiki komini, inaishia mfukoni. Na komini ikitazama daftari lake inaona soko lenye wauzaji 60, siyo 150. Utaombaje choo cha watu 150 wakati karatasi inasema mko 60? Tangu siku ile tunasema: hakuna tiketi, hakuna franka. Na tiketi tunaziweka kwenye kopo, tunazihesabu mwisho wa mwezi.

Tuliandika barua. Haikuwa ndefu, ukurasa mmoja. Tulieleza shida, tukataja idadi ya wauzaji, tukaambatanisha nakala za tiketi, tukaomba mambo mawili: choo kifunguliwe, na mfereji wa nyuma ya soko uzibuliwe. Walitia sahihi wamama 83, na wasiojua kuandika walitia kidole. Tulipeleka nakala mbili, moja ikabaki komini, ya pili ikagongwa muhuri wa kupokea na tarehe, tukarudi nayo. Muhuri huo ndio uliotusaidia, maana mara ya kwanza barua «ilipotea».

Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu tulikuta mkutano. Komini ililipa kazi ya kuvuta uchafu wa shimo na kutengeneza mlango. Sisi wauzaji tulikubali kushika ufunguo na kusafisha kwa zamu, na kila anayeingia anatoa franka 100 za sabuni na maji. Wengine walinung'unika kwamba tunalipa mara mbili. Wana haki ya kunung'unika, na tumeliandika hilo katika daftari ili tulirudishe mbele ya komini. Lakini choo kiko wazi. Mama wa sambaza anakunywa maji. Mabinti wawili katika darasa tunalolijua wamerudi kuingia saa moja na nusu.

Mfereji, bado. Na hapa lazima tujikosoe, kwa sababu mfereji ule haukujazwa na burgumesta. Ndani yake tumeona mifuko, chupa za plastiki, maganda na nguo za mtoto. Bukavu ni mji wa vilima. Kinachotupwa juu, mvua inakishusha kwenye mabonde, mabonde yanakipeleka ziwani, na maji ya ziwa Kivu yanatokea kwenye mto Ruzizi. Pale mtoni ndipo lilipo bwawa la umeme la Ruzizi I. Plastiki zinafika pale kwa marundo, zinaziba mahali maji yanapoingilia, mashine zinaharibika, na umeme unakatika. Ile chupa tuliyoitupa sokoni asubuhi inaweza kuwa na neno la kusema usiku tukiwa gizani na mtoto ana mtihani. Kwa hiyo tunadai gari la takataka, na tunaacha kutupa. Yote mawili pamoja.

Mwisho, tuseme juu ya wale tunaoweza kuwauliza. Kwa miaka mingi mameya na maburgumesta wetu wameteuliwa kutoka juu. Aliyeteuliwa anamtazama aliyemteua. Lakini tarehe 20 Desemba 2023, siku ile ile ya kura ya Rais wa Jamhuri, katika miji mikuu ya majimbo tulipewa pia karatasi ya kuchagua washauri wa komini. Wengi wetu hatukuitazama vizuri, tulikuwa tumechoka na foleni. Hao washauri ndio baraza la komini. Kazi yao kwa sheria ni kupitisha bajeti ya komini na kumwangalia burgumesta anavyoitumia. Je, unajua jina la mshauri mmoja wa komini yako? Sisi tulipoulizana katika kikundi, wamama 4 tu ndio waliojua.

Na kushiriki katika bajeti si ndoto ya mbali. Mji wa Porto Alegre, kule Brazili, ulianza mwaka 1989 kuwaita raia wa mitaa wakae wachague kazi za kufanywa kwa pesa ya mji. Wazo hilo lilifika mpaka hapa Kivu Kusini zaidi ya miaka 10 iliyopita, na komini ya Ibanda ni kati ya zilizojaribu, watu wakiitwa hata kwa ujumbe wa simu. Tunaita bajeti shirikishi. Kwa hiyo ukiambiwa «bajeti si jambo la wamama wa soko», jibu kwa heshima kwamba hapa hapa kwetu limewahi kufanyika.

Kazi ya juma hili kwa kila kikundi:

1. Hesabuni wauzaji wa soko lenu na takisi ya siku. Pigeni hesabu ya mwezi.

2. Kila mama adai tiketi na kuiweka. Asome kilichoandikwa: jina la komini au mji, na kiasi. Kiasi cha tiketi na kiasi ulichotoa vilingane.

3. Chagueni shida moja tu, iliyo ya komini kweli. Msipeleke shida kumi kwa siku moja.

4. Andikeni barua fupi, nakala mbili, muhuri na tarehe. Mpelekee shefu wa kartie nakala pia, ni mtu wenu.

5. Tafuteni majina ya washauri wa komini yenu, na muulize bajeti ya mwaka ujao inajadiliwa lini. Shida ikifika baada ya bajeti kupitishwa, imekawia mwaka mzima.

Asiyejua kuandika asibaki nyuma. Mlete kwetu Jumamosi baada ya salongo, tutakaa naye, na mabinti wakubwa watasaidia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Juma lijalo tutawaletea habari ya mfereji, ukiwa umezibuliwa au haujazibuliwa. Mbaki na amani, na mnywe maji.